Ngamia wa Abti na Mikoko ya Mtangani

Tangu nirudi, kila nikiingia chumba cha walimu mnanizunguka na swali lile lile: "Haya, bahari ikoje?" Nami nawajibu, "Ni kubwa," nanyakua chaki, nakimbilia darasani. Msidhani nina maringo. Habari hii ina aibu yangu ndani yake, na aibu haisimuliki kati ya kengele mbili. Basi nimeketi nikaiandika yote. Someni kwa pamoja, mnicheke mara moja, yaishe.

Mnajua nimefundisha jiografia hapa Garissa kwa miaka kumi na tisa. Nimechora mikoko ubaoni mpaka naweza kuichora nimefumba macho. Nimeeleza kupwa na kujaa kwa maji, nimesahihisha mitihani ya matumbawe, na siku zote hizo sikuwa nimeiona bahari hata kwa mbali.

Aliyenitoa ni mjomba wangu Bashir, kaka wa mama, mfuga ngamia wa Ijara. Kwa wale wenzangu mliotoka mikoa mingine: sisi Wasomali mpwa humwita mjomba "abti", na mjomba naye humwita mpwa "abti". Kwa hiyo safari nzima tuliitana jina moja.

Ukame uliopita, abti aliwapitisha ngamia wake msituni akashuka nao mpaka pwani, kwenye kijiji kiitwacho Mtangani, kaskazini ya Lamu, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari. Huko kuna majani hata bara ikikauka. Asubuhi moja ngamia wake waliingia kwenye mikoko michanga iliyopandwa na akina mama wa kijiji, wakaila yote. Kijiji kikaifunga njia. Hakuna ngamia wa Ijara atakayeshuka tena pwani mpaka mwenye ngamia aje mwenyewe, aketi nao, tena aje siku ile ambayo kila mwaka wanasherehekea ufuo wao. Wasiporidhika naye, ukame ujao ngamia watabaki bara. Abti hakuhitaji kunieleza maana yake. Kabla hajaijua njia ile ya pwani, ukame mmoja ulimchukulia nusu ya kundi, na mama yangu aliwalilia ngamia wale kama watu.

Akanipigia simu: "Abti, Kiswahili yangu ni ya soko ya mbuzi. Kuja uniongelee."

Garissa hadi Ijara

Nilipata nafasi mbele kwenye lori la Mutua, dereva aliyekuwa akipeleka mabati na mchele Mokowe. Mutua ana mdomo usiopumzika. Kufika Bura nilikwisha kuwajua wanawe wote kwa majina na alama zao za hesabu. Kwa kuwa ni mwalimu, nilitakiwa nitoe maoni juu ya kila mmoja, nami nikatoa.

Masalani tulikaa saa tatu nzima tukingoja gurudumu lizibwe. Nilikula anjera na chai ya maziwa ya ngamia katika hoteli ya mama mmoja ambaye, aliposikia ninakwenda baharini, alinitazama kama ninakwenda kuolewa uzeeni. "Ukifika," akasema, "niangalilie kama kweli haina upande wa pili."

Ijara tulifika jioni. Kesho yake asubuhi abti alikuwa barabarani tayari, kikoi kipya, ndevu zimetiwa hina, ameshika galoni ya susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuka, na bati la nyirinyiri, ile nyama tunayoikausha na kuihifadhi ndani ya samli.

"Kwani huko hakuna chakula?" nikamuuliza.

"Kuko na samaki," akajibu, kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema kuna kipindupindu.

Tope la Bodhei

Kwenye kizuizi cha askari tuliambiwa tungoje magari mengine ili tuvuke msitu kwa msafara. Tukangoja. Abti akalala chini ya lori, Mutua akahutubia askari juu ya wanawe. Msafara ulipoanza, mvua za karibuni zilikuwa zimeifanya barabara iwe uji mweusi, na kabla ya Bodhei lori letu likazama mpaka ekseli. Wanaume wakaenda kukata matawi. Mimi na abti tukabaki tumekaa juu ya magunia ya mchele, na hapo ndipo aliponiambia lililokuwa likimkera.

"Abti, mimi sielewi hasira yao. Ile mahali ilikuwa imefungwa fizuri. Wameweka kamba, wamefunga nguo nyekundu kwa fijiti. Mimi si kipofu. Wakati majani iko mingi, sikuingia. Nilizunguka na ngamia yangu siku ngapi! Nikangoja. Majani ya nje ikaisha. Ukame ikawa ukame kweli. Sasa hiyo si ndiyo siku yake?"

Nikaelewa.

Kwetu, wafugaji huchagua sehemu yenye majani mazuri wakaifunga kwa matawi ya miiba. Inaitwa seere. Mvua zikinyesha hakuna mnyama anayeingia, hata wa mzee mkubwa. Inafungwa kwa sababu moja tu, kwamba siku ya ukame ifunguliwe, wanyama waingie wale, wapone. Kuifunga halafu kuwaacha ngamia wafe kando yake ni jambo ambalo hakuna mfugaji angelifikiria. Abti aliona kamba na vitambaa, akasema moyoni: hawa watu wa pwani nao wana akili, wameweka akiba ya ukame.

Lakini kilichoniuma ni kingine. Nilikumbuka simu. Ukame ule, kabla ngamia hawajaingia, alinipigia kutoka kule kule ufuoni, saa za mchana, nami niko chumba cha walimu na rundo la madaftari ya kidato cha pili. "Abti, kuna miti midogo hapa kwa maji, wamezungushia kamba. Ni ya nini?" Nikasema, "Wameifunga ili ikue, abti." Akauliza, "Kama sisi tunafanya na majani?" Nami, kalamu nyekundu mkononi, jicho kwenye jibu la mtoto aliyeandika kwamba Mto Tana unaanzia Mombasa, nikajibu, "Haa, kama nyinyi tu." Akashukuru, akakata.

Nimefundisha mikoko miaka kumi na tisa, na siku moja niliyoulizwa swali la kweli juu yake na mtu mwenye kiu ya jibu, nilimjibu hivyo.

Abti hakuikumbuka simu ile, au alijifanya kusahau. Nami sikumkumbusha. Lori lilipotoka topeni watu walishangilia, nami nikashangilia nao kinafiki.

Mokowe, na boti

Sasa lile swali lenu. Nilidhani nitaiona bahari kwa mbali kwanza, polepole. Wapi! Lori lilipinda kona, Mutua akawa anaeleza juu ya meno ya mwanawe wa mwisho, na ghafla mwisho wa barabara hapakuwa na kitu ila mwanga unaotikisika. Nilimshika abti mkono. Nilitaka kusema kitu cha maana, mtu wa digrii kama mimi. Nikasema, "Ni buluu."

"Si nilikwambia?" akasema abti, amejaa fahari kana kwamba ni mali yake.

Fahari ile iliisha kwenye boti. Pwani aliwahi kufika kwa miguu na ngamia wake, lakini juu ya maji hakuwahi kukaa. Nahodha akampa jaketi la kuokolea, akalivaa kichwa chini miguu juu, akashika ubao kwa mikono miwili. "Ukianguka kwa ngamia, unaangukia chini," akaninong'oneza kwa Kisomali. "Hapa mtu anaangukia wapi?" Akaanza kusoma aya moja baada ya nyingine, nahodha akawa anaitikia amina bila kugeuka.

Mimi nilisahau kuogopa. Tulipita mkondo mwembamba kati ya nchi kavu na visiwa, mikoko pande zote mbili, na mizizi yake imesimama nje ya maji kama miguu ya watu walioinua nguo wavuke mto. Mimi niliichora miaka yote kama mistari! Chini ya mizizi ile palikuwa na vivuli vya samaki wadogo wasiohesabika, wakigeuka wote kwa pamoja, na korongo mweupe amesimama juu yao bila haraka. Maji yalikuwa ya kijani, halafu ya buluu, halafu yakawa maangavu kabisa, nikaona mchanga wa chini na kivuli cha boti yetu kikitembea juu yake. Kasa mmoja akainua kichwa, akatuangalia, akazama. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nahodha akasema, "Mwalimu, hii ni ya njiani tu."

Bahari imekwenda

Mtangani walitupokea kwa heshima, lakini bila vicheko. Tulionyeshwa vyumba, tukapewa maji ya kuoga, tukaambiwa tupumzike, maneno ni kesho. Nyumba yetu ilikuwa hatua kumi kutoka majini. Nililala nikisikia mawimbi mlangoni.

Asubuhi nilifungua mlango, na maji hayakuwapo. Palikuwa na tope na mchanga unaong'aa mpaka macho yalipochoka, na boti zimelala ubavu. Nikapiga kelele, "Abti! Bahari imekwenda!"

Akina mama waliokuwa wakipita na ndoo walisimama. Mmoja wao, mfupi, mwenye buibui lililokunjwa mpaka magotini na miguu imejaa tope kavu, aliniuliza kwa upole kazi yangu ni nini. Sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia ninafundisha jiografia.

"Haya," akasema, uso umekaza kuzuia kicheko. "Itarudi alasiri. Huenda, ikazunguka, ikarudi. Hatujaipoteza yeo wala jana."

Huyo ndiye aliyekuwa Bi Somoe, kiongozi wa akina mama waliopanda ile mikoko.

Alitutaka tumfuate kabla ya kikao. Alisema hapendi kuongea juu ya kitu ambacho mgeni hajakiona. Tulitembea juu ya sakafu ya bahari, mwaona maajabu hayo? Mimi wa Garissa, natembea mahali ambapo jana jioni palikuwa na maji ya kunizamisha. Kaa wenye mkono mmoja mwekundu walikuwa wakitupungia, wakitoweka mashimoni. Katika vidimbwi vya mawe palikuwa na matumbawe ya rangi ya zafarani, na samaki wa mistari asiyezidi kidole, akingoja maji yake bila wasiwasi. Nilikuwa nikichuchumaa kila hatua mpaka abti akaona haya kwa ajili yangu.

Bi Somoe akasimama akanyoosha kidole kwenye maji ya mbali. "Nyumba ya mamangu ilikuwa pale."

Tukatazama. Hapakuwa na kitu.

"Watu walikata mikoko ya mbele, ya boriti na ya kuni. Bahari ikawa haina wa kuizuia. Ikaya, ikachukua nyumba, ikachukua na samaki, kwa kuwa samaki mdogo hana pa kukulia. Ndipo tukaanza kupanda."

Kisha akatuonyesha pale palipoliwa. Kamba zilikuwapo bado, na vitambaa vyekundu, na ndani yake vijiti vilivyokatwa kwa meno, safu kwa safu. Hakusema neno la ukali. Akaenda kwenye mkoko mkubwa uliosalia, akachuma kitu kirefu cha kijani, kama rula, kilichokuwa kikining'inia, akamwekea abti mkononi.

"Mbegu?" akauliza abti.

"Mwana," akajibu Bi Somoe. "Mkoko hautupi mbegu kavu. Humea juu ya mamake, akakaa naye miezi, akakua. Huzawa ana mguu tayari. Akianguka, husimama."

Abti akakigeuza kile kijiti mkononi kwa muda mrefu. Mnajua wafugaji wetu, ngamia akizaa hawalali, hukaa hapo mpaka mtoto asimame kwa miguu yake. Akaniambia kwa Kisomali, "Abti, mimi nilidhani nimelisha majani. Hizi ni nirig." Nirig ni ndama wa ngamia anayenyonya. Hakuna mfugaji wa Ijara anayechinja nirig, hata ukame ukiwa wa namna gani.

Nikamtafsiria Bi Somoe. Akamwachia abti kile kijiti akibebe.

Kwenye mikeka

Kikao kilikuwa ukumbini mwa madrasa. Wazee wa kijiji upande mmoja, akina mama upande wa pili, sisi wawili katikati, viatu vyetu nje. Bi Somoe alieleza kwa ufupi. Miaka miwili ya kazi, kila mche akina mama wakiujua ulipo, kisha asubuhi moja. Akauliza, "Kwani hukuziona kamba?"

Abti akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake. "Niliona, mama. Ndiyo maana niliingia."

Ukumbi ukachafuka. Mzee mmoja akasimama akataka kutoka. Abti akanitazama nimwokoe, na mimi nilijua ningeweza. Ningeeleza habari za seere, wangeelewa, angeonekana mtu mwema aliyekosea, na mimi ningebaki mwalimu aliyekuja kusaidia. Lakini sikuweza kumwacha abebe lawama peke yake. Nikasimama.

Nikaeleza seere yetu, vile tunavyofunga na siku tunayofungua. Kisha nikaeleza simu. Niliisema yote, kalamu nyekundu, Mto Tana, na maneno yangu matatu, "kama nyinyi tu." "Aliuliza kabla ya kuingia," nikasema. "Aliniuliza mimi. Mimi ndiye niliyemfungulia."

Abti akanivuta nguo. "Kaa chini, abti. Ulikuwa na kazi."

Alikuwa anaikumbuka. Alikuwa anaikumbuka simu ile siku zote, toka Ijara, toka topeni, na hakuitaja hata mara moja. Hapo nililia, jamani, mbele za watu nisiowajua.

Bi Somoe ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe ngamia wa kwanza ni mwalimu!" Akina mama wakaangua kicheko, na yule mzee aliyesimama akaketi tena, mabega yakimtikisika. Vicheko vilipotulia, Bi Somoe akamgeukia abti, sasa kwa sauti ya kazi. "Kwenu, anayeingiza mnyama kabla ya wakati hufanywaje?"

"Anapewa kuilinda yeye," akasema abti. "Mpaka ifunguliwe."

"Na hii yetu haifunguliwi. Si ukame, si mvua."

Abti akafikiri. Niliona linavyomlemea. Kwa mtu kama yeye, malisho yaliyofungwa milele ni jambo gumu kulimeza.

"Basi nitailinda mpaka nife," akasema.

Wazee wakanong'onezana. Ikakubaliwa kwamba njia itafunguliwa, ngamia walishwe nje ya kamba tu, na kila mfugaji atakayeshuka kutoka bara atapelekwa kwanza na Bashir mwenyewe, aelezwe, atiwe kile kijiti mkononi.

Sherehe

Mchana ule kijiji kizima kilishuka topeni. Akina mama walipiga vugo, pembe zao zikigongwa kwa vijiti, wakaimba jina la kila rasi na kila mlango wa maji wa ufuo ule, wakazisifu kama mtu anavyosifu ukoo wake. Mimi sijui kama tuna wimbo mmoja unaoushukuru Mto Tana namna ile. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa na mche mkononi. Abti akavua makubadhi, akakunja kikoi, akaingia tope la magoti. Wa kwanza aliupanda kichwa chini, Bi Somoe akaugeuza. Baada ya hapo hakuinua kichwa tena mpaka maji yalipomfikia mapajani na wakamwita kwa nguvu.

Chakula kilikuwa samaki wa kupaka kwa mkate wa mofa. Abti akashukuru, akalikumbatia bati lake la nyirinyiri. Bi Somoe akamwekea sahani mbele.

"Ngamia wako wamekula changu," akasema. "Na wewe ule."

Hapo hakuna Msomali mwenye adabu angekataa. Abti alisema bismillahi kwa sauti iliyomfanya hata nahodha ageuke, akafumba macho, akala. Akala tena. Naye akammiminia Bi Somoe kikombe cha susa, na uso alioufanya mama wa watu alipoonja ule uchachu ndio malipo yangu ya vicheko vya asubuhi.

Garissa tena

Njiani kurudi hakuna la kusimulia, ila kwamba yule mama wa Masalani nilimwambia upande wa pili sikuuona, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mvua zimekwisha kukatika sasa, mnajua wenyewe vumbi lilivyo. Juzi mlinikuta nimetoka nje katikati ya kipindi cha kusahihisha, nimeketi kwenye mchanga kando ya tangi la maji, simu sikioni, mkauliza kuna msiba gani. Hakukuwa na msiba. Alikuwa abti, anapiga kutoka Mtangani.

"Abti, niko nje ya kamba," akasema. "Ngamia inaniangalia fibaya sana. Miti yetu imetoa majani manne. Hapa kuna kitu kingine kidogo, kwa mchanga, kama njia ya gurudumu moja inatoka baharini. Ni ya nini?"

Kalamu nyekundu niliiacha mezani. Nikamwambia asimame hapo hapo, asikanyage, asiwaruhusu ngamia wapite. Kisha nikaanza kumweleza habari za kasa na mayai yake tangu mwanzo, neno kwa neno, naye akiuliza, mpaka kengele ikapigwa na ikapigwa tena.